Saini Nyuma ya Tangazo

Makao Makuu, Idara ya Utumishi
4 Machi

TANGAZO NA. 3
Kwa wasimamizi wa vituo vyote saba vya kusukuma maji

YAH: KUSIMAMISHWA KWA SAFARI ZOTE ZA WAFANYAKAZI

Ndugu Msimamizi,

Kutokana na kuenea kwa homa, Kampuni imesimamisha safari zote za wafanyakazi wake, za kikazi na za binafsi, mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Kila mfanyakazi abaki katika kituo alichopo tangazo hili litakapomfikia, hata kama hicho si kituo chake. Malori ya vipuri na dawa ya maji yataendelea kwenda na kurudi, lakini hayatabeba abiria.

Unakumbushwa utaratibu wetu. Tangazo lisomwe kwa sauti mbele ya wafanyakazi wote saa kumi na moja jioni ya siku lilipopokelewa, kisha kila mmoja atie saini nyuma ya karatasi. Linaanza kutumika kituoni pale saini ya mwisho inapotiwa. Karatasi yenye saini irudishwe kwa lori lilelile.

Ofisa Utumishi
Kwa niaba ya Mkurugenzi

Baba, haya ya chini nimeyaandika kwa mkono katika nakala yako tu, na hayahusu Kampuni. Simu huko milimani hazishiki, na kwenye redio ya ofisi vituo vyote saba vinatusikiliza, kwa hiyo nisome hapa. Usivue barakoa mbele ya dereva hata akikuchekesha. Dawa yako ya presha ya miezi miwili nimempa Turubai, imo katika boksi la misumari. Una miaka hamsini na tisa, na umebakiza miezi kumi na mmoja ustaafu. Nilipokuwa naliandika tangazo hili nilikufikiria wewe kwanza. Sitaki mabishano.


Kituo cha Juu
6 Machi, asubuhi

Ndugu Ofisa Utumishi,

Tangazo Na. 3 limefika jana saa saba mchana, pamoja na magunia ishirini ya dawa ya maji na boksi la misumari. Saini zitafuata.

Naomba kujua ni nani aliyeandika maneno haya, "hata kama hicho si kituo chake". Nauliza kwa sababu hapa yupo fundi wa kuchomelea, mwanamke kijana tunayemwita Cheche, ambaye kituo chake ni huko kwenu. Aliletwa Jumapili kwa kazi ya siku tatu, kuziba ufa wa bomba kuu. Ameimaliza, na ameimaliza vizuri. Nimepitisha kidole juu ya mshono wote na sikukwama popote. Huko mjini amemwachia mama mkwe wake mtoto wa miezi mitano ambaye hajaonja kitu kingine ila ziwa la mama yake.

Jana, baada ya lori kufika, nilimkuta nyuma ya karakana akikamua maziwa ndani ya kikombe cha bati na kuyamwaga mtaroni. Turubai alikuwa amekwisha kumdokeza yaliyomo katika bahasha, maana dereva yule siri kwake ni mzigo wa kushusha njiani. Cheche hakunilalamikia. Alisema tu, "Mzee, nikikaa hapa wiki mbili yatakuwa yamekata, na mwanangu hajui kikombe ni nini."

"Mpaka itakapotangazwa vinginevyo" ni maneno mepesi kwa mtu anayelala kitandani kwake. Pampu iliyoharibika inaruhusiwa kupanda lori. Gunia linaruhusiwa. Mama ambaye kifua kimemjaa haruhusiwi. Aliyeandika hivyo ama hakufikiri, ama alifikiri akaona si neno, na sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi.

Siandiki haya kuomba. Nayaandika ili yawemo katika jalada.

Msimamizi, Kituo cha Juu

Nyongeza: Dawa ya presha nimeipata. Misumari ni ya inchi tatu. Tuliomba ya inchi nne.


Makao Makuu, Idara ya Utumishi
9 Machi

Ndugu Msimamizi,

Juzi maofisa wa afya walilisimamisha lori la Turubai katika kizuizi cha darajani. Ndani ya kichwa cha lori walimkuta fundi wa kuchomelea, na mkononi mwake karatasi yenye muhuri wa Kituo cha Juu: "Mbebaji amemaliza kazi, aruhusiwe kupita." Chini yake ilikuwa saini yako, na tarehe 5 Machi.

Fundi amewekwa karantini siku kumi na nne katika madarasa ya shule ya msingi. Sasa yuko kilomita mbili kutoka kwa mtoto wake na hawezi kumgusa. Turubai yuko darasa la jirani. Lori limezuiwa, na kwa kuwa tuna malori mawili tu, Ijumaa Kituo cha Mtoni hakikupata dawa ya maji. Mji mzima kule unakunywa maji yaliyotiwa nusu ya kipimo, na hayo unayajua maana yake kunishinda mimi.

Naomba majibu ya maswali matatu. Tangazo lilipokelewa lini? Lilisomwa lini? Kwa nini karatasi ya saini haikurudi na lori? Jibu kwa maneno machache, na ujibu ukijua kwamba Mkurugenzi amekwisha kusema msimamizi yeyote aliyechelewesha tangazo kwa makusudi ataachishwa kazi, awe amebakiza miaka kumi au miezi kumi na mmoja. Alinishikia kile kibali mbele ya wakuu wa idara wote, akaniuliza kama ile ni saini ya baba yangu. Niliitika.

Barua yako ya tarehe 6 ilikuwa katika mfuko wa barua wa lori hilohilo. Uliniandikia kwamba huombi. Sasa naelewa kwa nini hukuwa na haja ya kuomba.

Maneno uliyoyauliza niliyaandika mimi. Nilifikiri.

Ofisa Utumishi


Kituo cha Juu
13 Machi

Ndugu Ofisa Utumishi,

Umetaka maneno machache. Tangazo lilipokelewa tarehe 5, saa saba mchana. Lilisomwa tarehe 6, saa kumi na moja jioni. Kati ya saa hizo lilikuwa katika mfuko wa kulia wa koti langu la kazi, pamoja na miwani. Karatasi naiambatisha, ina saini kumi. Tulikuwa kumi na mmoja, lakini wa kumi na moja alikwisha kuondoka.

Fundi alipanda lori tarehe 6 saa mbili asubuhi. Saa hiyo tangazo halikuwa limesomwa, kwa hiyo hapa kwetu halikuwa na nguvu, na hakuna alichokivunja. Dereva alionyeshwa kibali chenye muhuri, na dereva si kazi yake kuupima muhuri. Hao wawili waondoe katika maswali yako. Nibakize mimi.

Habari ya Kituo cha Mtoni sikuifikiri. Nilihesabu mama mmoja na mtoto mmoja, sikuhesabu lori. Kosa hilo ni langu na sina la kulipunguza. Kwa lori hili napeleka magunia sita katika yale ishirini yangu; dereva ayashushe Mtoni anaporudi.

Lakini usiniandikie tena kwamba uliliandika tangazo ukinifikiria mimi. Mtu hamlindi baba yake kwa karatasi inayomfungia mtoto wa mwenzake nje ya ziwa. Nami najua utaniuliza kwa nini sikukuandikia kwanza. Barua ingeshuka kwa lori moja na jibu lingepanda kwa jingine, wiki nzima. Tena jibu lenyewe nilikuwa nalijua. Kazi ya karatasi nilikufundisha mimi, ungali na miaka tisa.

Mkurugenzi afanye anavyoona. Mimi simkimbii mtu.

Msimamizi, Kituo cha Juu


Mjini, nyumbani
16 Machi

Baba,

Barua hii haina namba wala jalada. Naiandika juu ya meza ya kulia chakula, na nimeichana mara mbili.

Jana niliteremka masijala nikamwambia mtunza majalada anitafutie matangazo ya mwaka ule wa kipindupindu. Alinitazama kama mtu aliyeagizwa kufukua kisima. Tulifungua makabati mawili kabla ya kuliona. Tangazo Na. 2. Safari zimesimamishwa, kila mmoja abaki alipo. Ukiondoa ugonjwa na tarehe, ni maneno yaleyale niliyoyaandika mimi, na wala sikuwa nimepata kuliona. Nyuma yake pana saini kumi na nne. Ya kwanza ni yako. Pembeni, kwa mwandiko wako uliosimama wima, umeandika na saa: kumi na moja na dakika tano jioni.

Mama alikuwa ameanza kuumwa siku mbili kabla. Habari ulikuwa nayo, maana shangazi alimtuma dereva kwako kwa mdomo na kwa barua. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa kizingitini nikitazama barabara ya malori, kwa sababu shangazi alikuwa akiniambia, "Baba yako hawezi kukosa kuja." Likapita lori la Jumanne, halikusimama. Likapita la Ijumaa. Mama alizikwa Jumamosi na watu sita waliovaa glavu za mpira, na mimi nikaambiwa nisisogee.

Miaka ishirini na mitatu nimejiambia kwamba hukuwa na njia. Sikukuuliza kwa sababu niliona hakuna cha kuuliza: karatasi ilisema, wewe ukatii, na kama kuna mwenye kosa basi ni kipindupindu. Juu ya imani hiyo nikasoma, nikaomba kazi kwenye Kampuni yako, nikakalia kiti hiki. Watu wanakuja ofisini kwangu wakilia nami nawaonyesha kifungu. Wananiita Bi Kifungu, unajua? Nilikuwa nalipenda jina hilo.

Sasa unaniandikia, bila kutetemeka, kwamba tangazo linaweza kuwekwa mfukoni pamoja na miwani. Kumbe mfuko ulikuwepo siku zote.

Kwa mwanamke uliyemjua siku tatu uligonga muhuri. Kwa mke wako ulitia saini wa kwanza. Unaniuliza mimi kama nilifikiri? Nijibu wewe ulikuwa unafikiri nini saa kumi na moja na dakika tano.

Usiniandikie kama Msimamizi. Msimamizi simtaki.

Binti yako


Kituo cha Juu
20 Machi

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara moja. Sikuihitaji mara ya pili.

Kuna jambo ambalo halimo nyuma ya ile karatasi uliyoitoa masijala, na sijapata kumwambia mtu, hata shangazi yako. Wakati ule sikuwa msimamizi, nilikuwa fundi wa pampu. Msimamizi wetu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyetutukana asubuhi yote ili mchana apumzike. Tangazo lilipofika, alinikuta nikikaza boliti za pampu namba mbili. Habari ya mama yako alikuwa nayo, maana dereva alianzia kwake. Alisimama nyuma ya mgongo wangu akasema, "Lori linaondoka saa kumi. Mimi nitasoma saa kumi na moja." Akaenda zake.

Nilimwelewa. Usije ukanitetea kwa kudhani sikumwelewa. Muda ulikuwepo wa kunawa mikono, kuchukua mkoba na kupanda. Mimi nilikaza boliti zote nane. Lori lilipoondoka nilisimama nikalitazama mpaka likapinda kona, na nikajiona mwanamume wa maana, mtu asiyepita mlango wa uani. Nilijiambia kwamba mama yako ana nguvu, kwamba shangazi yuko, kwamba nikipendelewa mimi na wenzangu nao watataka. Yote hayo yalikuwa maneno ya kujidanganya. Ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mtu ambaye hana doa katika daftari.

Saa kumi na moja nilisimama mstari wa mbele. Nikatia saini wa kwanza, na wino ulikuwa haujakauka nilipojua nimefanya nini. Yule mfupi aliichukua kalamu akampa wa pili. Tangu siku ile hakunitukana tena, na hilo liliniuma kuliko matusi yake yote.

Umeniuliza nilikuwa nafikiri nini. Hayo ndiyo niliyokuwa nayafikiri. Mfuko ulikuwepo, nikafunguliwa, nikaufunga kwa mkono wangu.

Nilipokuja baada ya siku arubaini ulikuwa umejificha chini ya kitanda. Shangazi yako akasema mtoto anaona haya. Hukuwa na haya hata chembe; nilikuona macho. Nikakaa sakafuni, nikatoa karatasi nikakufundisha kitu pekee nilichokijua vizuri: tarehe inakaa wapi, anwani inakaa wapi, jambo linaandikwaje. Ukatoka kidogo kidogo kuja kutazama. Nikadhani nimekupata tena. Kumbe nilikuwa nakupa ugonjwa wangu.

Unasema nimemthamini mgeni kuliko mke wangu. Kasirika, hiyo ni haki yako, lakini ikasirikie sababu yenyewe. Cheche si ndugu yangu, na sura yake naikumbuka kwa shida kwa sababu ya ile miwani ya kuchomelea. Nilimwona akimwaga maziwa mtaroni nikajua kabisa mtu anayebaki hapa na karatasi yake anakuwa nani baadaye. Anakuwa mimi. Sikutaka wa pili.

Sikuombi msamaha kwa barua. Wa kuombwa kwanza hanisomi.

Mkurugenzi ataniachisha kazi, nalitazamia hilo. Siogopi kukaa bure. Ninachochukia ni kuondoka hapa kabla sijamkabidhi mtu mitambo hii vizuri, na watu wangu tisa wakabaki na kijana wa kutoka ofisini anayedhani pampu ni kitufe. Basi.

Baba yako


Makao Makuu
25 Machi

Baba,

Naanza na fundi wako. Tarehe 17 nilikwenda pale shuleni. Nilijiambia naenda kumhoji kwa ajili ya jalada. Nilimkuta amesimama upande wa ndani wa ua wa waya, na upande wa nje mama mkwe wake amembeba mtoto. Kati yao walikuwa wamepima hatua nne kwa chokaa. Kila siku asubuhi fundi anakamua, chupa inachemshwa, mlinzi anaipitisha kwa kijiti kirefu, na mtoto anaitema. Alikuwa ameanza kukubali uji mwepesi wa kijiko, lakini mashavu yalikwisha kumwanguka. Yule bibi alinipima kutoka juu mpaka chini akaniuliza kama ndimi Bi Kifungu. Nikasema ndimi. Akasema, "Basi mshike, nikanywe maji." Akaniachia mtoto mikononi, na koti langu la ofisini halitafaa tena.

Nilisimama naye nusu saa. Fundi alikuwa anamtazama mtoto, na maziwa yalikuwa yamemlowesha gauni hadi kiunoni.

Siku kumi na nne zilikwisha tarehe 21. Hana homa, Turubai hana homa. Nilikuwa getini. Hakungoja gari, aliketi kwenye ngazi za shule akamnyonyesha palepale mbele ya walinzi, na mtoto alinyonya kwa hasira, anaacha, analia, anarudi tena. Turubai akageuka akajifanya anakagua magurudumu ya gari la watu. Adhabu hawatapata. Niliweka mbele ya Mkurugenzi karatasi yako ya saini na tarehe zake, na kwa utaratibu wetu hakuna walichovunja.

Uliandika kwamba hata ungeniomba, jibu ulikuwa unalijua. Nimejiuliza kwa siku kadhaa. Ulikuwa unalijua. Ningesema hapana, na ningeiandika vizuri. Hilo linaniudhi, na linaniudhi zaidi kwamba uliweza kuliona kutoka huko milimani.

Lakini usijione umeshinda. Mtoto yule alikonda kwa sababu ulitaka kutengeneza leo kitu ulichokivunja miaka ishirini na mitatu iliyopita, na ukakitengeneza kwa siri, kwa haraka, bila kuuliza kama barabara imefungwa. Watu wa Mtoni walikunywa maji mabaya siku tano. Na ile saa moja uliyopewa, Baba, haikuwa yako peke yako. Ilikuwa ya mama, na yangu. Umekaa nayo mfukoni ukanifundisha kuandika anwani. Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na usiniulize kila barua.

Mkurugenzi ameamua. Nimeomba niandike mimi, asiandike mtu mwingine. Alitaka neno "mara moja" liwepo. Nilimwambia kwamba Kampuni haijapata kutoa tangazo la "mara moja" tangu ianzishwe, na kwamba akitaka kubadili utaratibu inabidi aitishe bodi, na bodi haiwezi kusafiri. Akatia saini.

Liko ndani ya bahasha hii. Usinishukuru.

Binti yako


Makao Makuu, Idara ya Utumishi
25 Machi

TANGAZO NA. 5
Kwa wafanyakazi wote wa Kituo cha Juu

YAH: KUACHISHWA KAZI KWA MSIMAMIZI

Ndugu Wafanyakazi,

Msimamizi wa Kituo cha Juu, kwa kuchelewesha kwa makusudi Tangazo Na. 3, anaachishwa kazi. Msaidizi atashika nafasi yake mpaka atakapoteuliwa mwingine.

Tangazo hili lisomwe na Msimamizi mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote, na kila mmoja atie saini nyuma ya karatasi. Litaanza kutumika kituoni pale saini ya mwisho itakapotiwa.

Ofisa Utumishi
Kwa niaba ya Mkurugenzi


Kituo cha Juu
31 Machi

Binti yangu,

Tangazo Na. 5 limefika tarehe 27, saa sita mchana. Nimelisoma siku ileile, saa kumi na moja jioni, mbele ya wafanyakazi wote, nikiwa nimesimama penye ngazi ya chumba cha mitambo ambapo matangazo husomwa tangu zamani za yule mfupi. Sikuliweka mfukoni hata dakika moja, na miwani nilikuwa nimeivaa.

Nilisoma neno kwa neno. Nikageuza karatasi, nikatia saini wa kwanza, nikaandika na saa. Kisha nikamnyoshea kalamu mwendesha mtambo wa zamu ya mchana, ambaye tumekaa naye hapa miaka kumi na tisa. Akaweka mkono nyuma ya sikio akasema mtambo unanguruma, hakusikia vizuri, labda nisome kesho. Nikampa mpishi. Naye akasema hivyohivyo, na mpishi yule husikia kifuniko cha sufuria kikifunuliwa akiwa ng'ambo ya uwanja. Wote tisa hawakusikia. Msaidizi wangu, anayetakiwa kushika nafasi yangu, alisema alisikia neno "Ndugu" tu, na akaliona zuri.

Niliwakasirikia. Niliwaambia wananiaibisha, kwamba sihitaji kufichwa nyuma ya mtambo, na kwamba binti yangu ameiandika karatasi hii na haina kosa hata moja. Mwendesha mtambo akajibu kwamba hata hayo hakuyasikia.

Tarehe 28 nilisoma tena. Tarehe 29 nilisoma kwa sauti hadi koo likanikauka. Hawakusikia. Jana aliyekuja na bahasha kutoka mjini, Turubai, aliposikia habari hii alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipa kipande cha karatasi kutoka kwa Cheche. Ameandika mstari mmoja, kwamba mshono wa bomba kuu niukague baada ya mwezi, na kwamba mtoto anapanda uzito. Nimeukagua leo. Haujavuja.

Uliyosema juu ya mtoto ni kweli, ya Mtoni ni kweli, na la ile saa kuwa ya watu watatu sikuwa nimelifikiri kwa miaka yote hii. Nilidhani nimeipoteza peke yangu. Sitakuuliza kila barua. Safari zikifunguliwa nitakuja, nitakwenda makaburini kwanza, na ukitaka kuja nami njoo, na usipotaka nitakuja kubisha mlango baadaye.

Karatasi naituma kama ilivyo, ina saini moja. Wewe unajua itakwenda jalada gani.

Naandika na hili ili ulijue kutoka kwangu. Swichi kuu ya mitambo iko hatua tatu kutoka pale ninaposimama kusoma, na kwa cheo changu naruhusiwa kuizima kwa dakika tano bila kuomba kibali. Ningeizima, kungekuwa kimya, na hakuna ambaye angeweza kusema hakusikia. Jioni zote tatu niliitazama.

Sikuizima.

Baba yako